Picha ya Pumzi ya Baruti

Ndugu waombolezaji, kaka huyu aliyelala mbele yenu, aliyejulikana na wengi kwa jina la Baruti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi wa kushona magunia, akiwa mtoto wa kwanza, na wanaosema alitoka tumboni amekunja ngumi hawakukosea sana.

Alianza shule mwaka 1976, akaiacha Novemba 1982, siku alipomvunja meno mawili mwenzake aliyekuwa akimwonea mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Mwaka 1987 aliajiriwa kwenye machimbo ya mawe, akashika mashine ya kutoboa mwamba miaka ishirini na minane, akivuta vumbi, na mara mbili alipigana na msimamizi hadi damu ikatapakaa kwenye kokoto. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993, akajaliwa mabinti wawili, ambao hakuwahi kuwainulia mkono, na hilo nalo lisemwe.

Kifua kilianza kumbana mwaka 2015, lakini kila walipopimwa nguvu ya mapafu kwa kupuliza mrija, wanaume wa machimbo waligeuza kipimo kuwa mashindano, naye alipuliza hadi macho yakamtoka, majibu yakaja mazuri, akaitwa mvivu anayejisingizia ugonjwa. Tarehe 6 Januari 2020 mdogo wake alimkuta amelala saa nne asubuhi, akamburuta chini, akampiga kwa mpini wa sepeto hadi mbavu mbili zikavunjika, shemeji, mke wa marehemu, akipiga kelele, "Utamuua, hana pumzi huyo!"

Tarehe 17 Mei 2021, hospitalini, alivuta gesi maalumu kutoka kwenye mfuko, akabana pumzi ndani ya mashine ya picha, na hapo hakukuwa na wa kushindana naye. Kwenye picha, kila sehemu ya mapafu ambako gesi ilifika ilipaswa kung'aa, vikang'aa vipande tu, kwingine kote giza, na daktari akaeleza kwamba hata ilipofika, haikuvuka vizuri kuingia kwenye damu. Mdogo wake alimwomba kaka amrudishie kipigo, Baruti akainua ngumi, pumzi ikamkatikia njiani.

Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa tisa alasiri, akipigania hewa kama mtu anayekabwa, hadi akararua shuka.

Familia inawashukuru madaktari waliopiga picha ile, majirani waliomnyang'anya mdogo wake mpini, na wenzake wa machimbo, ambao wanaombwa waache kushindana kwenye mrija. Kaka hakuwa mvivu hata siku moja, alikuwa mgonjwa, na aliyempiga mgonjwa ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Lala, kaka, bila kukohoa, na usiwe na haraka ya kumsamehe.