Mlango wa Mabeki: Kumuaga Kocha Arvid Lampinen

Tarehe 30 Septemba, Kocha Msaidizi Arvid Lampinen atakabidhi funguo za uwanja wa barafu na kustaafu, baada ya kuitumikia timu ya hoki ya Chuo cha Stannard Bay kwa miaka thelathini na mmoja. Wiki hiyohiyo msimu mpya unaanza. Idara ya Michezo imeniomba niandike mambo mawili kwa toleo hili: wasifu wa mstaafu, na matarajio ya timu kwa msimu ujao. Niliambiwa yawe mafupi na machangamfu, kila moja na ukurasa wake. Nimeyaweka pamoja kwa sababu sijui namna ya kuyatenganisha. Uchangamfu nitajitahidi. Mhariri wa jarida hili ni mimi mwenyewe, kwa hiyo anayetaka kukata kitu humu itabidi anikate mimi kwanza.

Arvid ni mzaliwa wa hapa. Baba yake alichimba shaba mpaka mgodi ulipofungwa, na yeye mwenyewe alikuwa beki wa timu hii mpaka goti lilipokataa. Alianza kazi kwa kuendesha basi la timu. Baadaye akapewa kunoa viatu vya barafu, kisha kufundisha mabeki, na hapo ndipo alipobaki. Makocha wakuu wanne wamepita juu ya kichwa chake. Kila kiti kilipokuwa wazi, aliambiwa kwamba yeye ni nguzo ya timu, na nguzo haihamishwi. Alikuwa akirudi na jibu hilo ofisini kwangu, anajimiminia kahawa, anasema, "Nguzo imesikia," kisha anakwenda kunoa viatu.

Kazi yake kubwa ilikuwa usajili. Majira ya baridi, siku ambazo timu haina mechi, Arvid alipanda pikapu lake na chupa ya kahawa, akazunguka viwanja vya vijiji ambavyo wenzake wa vyuo vikubwa hawakujua viko wapi. Wengine walimtazama kijana mwenye kisahani, kile kidude cheusi kinachochezwa badala ya mpira, kwenye gongo lake. Yeye alitazama benchi. Alitaka kujua nani anasogea ampe mwenzake nafasi akirudi amechoka, nani anampa maji, nani ananuna akitolewa. Alikuwa akisema kwamba kucheza kunafundishika, ila kukaa na watu mtu anatoka nako kwao.

Kipa wetu, Tanner Kowalczyk, tulimpata hivyo, na wengi wenu mnakijua kisa chake, lakini tunaagana, acha nikirudie. Vyuo vitatu vikubwa vilikuwa vikimpigia simu kijana huyo huko Minnesota. Arvid alifika kwao akakuta hakuna mtu, na theluji imejaa juu ya paa hata mbao zinalia. Akachukua koleo kibandani, akapanda. Mama wa nyumba akarudi kutoka kazini akamkuta mgeni juu ya nyumba yake.

"Wewe mzee! Unafanya nini juu ya paa langu?"

"Natafuta kipa, mama."

"Kipa yuko shule. Shuka kabla sijaita polisi."

"Nimebakisha upande huu mmoja tu, niache nimalize."

Alimaliza, akashuka, akala chakula cha jioni pale. Vile vyuo vitatu vilituma barua nzuri zenye nembo za dhahabu. Mama Kowalczyk alisema mwanawe anakwenda kwa yule wa paa, na mjadala ukaisha.

Siku za mechi Arvid alikuwa na kazi nyingine, ambayo watu wengi hawaioni hata wakiitazama. Katika hoki wachezaji hubadilishwa mchezo ukiendelea. Washambuliaji huruka ukuta wa ubao, lakini mabeki wetu hutumia mlango mdogo ulio mwisho wa benchi, unaomfikia mtu kiunoni. Mlango huo ulikuwa wa Arvid. Sheria inaruhusu watano na kipa ndani ya barafu. Wakiwa sita, mmoja anatolewa na mnacheza pungufu kwa dakika mbili. Ndiyo maana Arvid alikuwa na desturi moja isiyovunjwa: hafungui mpaka mkono wa anayetoka uguse ubao. Unaweza kupiga kelele, unaweza kumtukana, mlango haufunguki. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuadhibiwa kwa kosa la mlangoni.

Mpaka Machi iliyopita.

Ilikuwa fainali ya ligi, hapa nyumbani, dhidi ya Chuo cha Marl Lake. Mbili kwa mbili, dakika za mwisho. Mimi usiku wa mechi ni mtunza saa, na meza yangu inatazamana na mabenchi, kati yetu ni barafu tu. Kocha Mkuu Kyle Prentiss aliona mabeki wetu wamechoka. Akaanza kupiga kelele wabadilishwe, na wale wawili bado walikuwa mbali, wanajikokota kurudi. Nahodha wetu, Luc Desrosiers, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kuingia. Maneno aliyasikia yeye. Mimi niliona mikono.

"Fungua!"

"Bado, Kyle. Hawajafika."

"Nimesema fungua, mzee!"

Arvid aliweka kiganja juu ya komeo. Prentiss akakisukuma pembeni kile kiganja, akavuta komeo mwenyewe, akamsukuma Desrosiers mgongoni hadi barafuni. Wakawa sita. Refa akapuliza. Tukacheza pungufu, Marl Lake wakafunga bao, na kombe likapanda basi la wageni. Mashabiki walibaki vitini kama watu waliokosa gari.

Waandishi wa habari walipomuuliza, Prentiss alijibu kwa sentensi moja: "Kulikuwa na tatizo mlangoni." Hakutaja jina, na hakuwa na haja. Mji mzima unajua nani hukaa mlangoni. Kesho yake, pale tunaponunua mikate ya nyama, kuna mtu alimwambia Arvid asisahau kufunga mlango akitoka, na foleni nzima ikacheka. Arvid alifunga mlango taratibu, akaenda zake.

Nilimfuata Jumatatu kwenye chumba cha kunolea.

"Sema, Arvid. Sema leo, mimi nitasimama na wewe."

"Nikisema, Kyle anafukuzwa. Akifukuzwa, wale watoto watatu niliowasajili wana ruhusa ya kwenda kwingine, na Kowalczyk hawajaacha kumpigia simu. Tutabaki mifupa mitupu."

"Na jina lako?"

"Jina langu halichezi, Bernadette. Timu inacheza."

Akawasha mashine ili nisiendelee. Lakini mimi si timu. Nilipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi wa Michezo, Bwana Whitcomb, nikamweleza nilichokiona, mkono kwa mkono. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema kamera zilikuwa zikifuata mchezo, hakuna picha ya benchi.

"Picha ni mimi," nikamwambia. "Nilikuwa nimekaa hapo mbele."

"Yaliyopita si ndwele, Bi. Trevarrow. Tugange yajayo."

Mei walianza kuyaganga. Arvid aliitwa akaambiwa kwamba umri umesogea, kwamba mchezo wa siku hizi una kasi, kwamba amestahili kupumzika. Hakuna aliyetaja mlango. Aliomba kitu kimoja tu: msimu mmoja zaidi, huu unaokuja, awaone vijana wake wakicheza pamoja. Hata kama ni kwa kunoa viatu tu. Walimjibu kwamba ingeleta mkanganyiko. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuandikii barua ya kukupongeza.

Sasa nije kwenye matarajio, kwa kuwa nimeahidi. Matarajio ni mazuri. Kowalczyk ndiye kipa bora wa ligi, hata Marl Lake wanakiri. Mabeki wote wanne wa kwanza wamerudi, Desrosiers akiwa nahodha kwa mara ya pili. Wale wasajiliwa watatu wamefika, wana kasi, wana adabu, na mmoja wao, mshambuliaji kutoka Baraga, anapiga kisahani kwa nguvu hadi tumebadilisha vioo vya nyuma ya lango. Makocha wa ligi walipopiga kura walituweka nafasi ya kwanza. Sijawahi kuandika sentensi hiyo katika jarida hili. Nilidhani siku nikiiandika nitafurahi. Kikosi chote hicho kimepitia kwenye pikapu moja na chupa moja ya kahawa, na mwenye pikapu atakuwa nyumbani akisikiliza redio.

Udhaifu? Uko mmoja. Nilimuuliza Kocha Prentiss nani atafungua mlango wa mabeki mwaka huu, akasema atampa kipa wa tatu, si kazi ya kisayansi hiyo. Nimeliandika jibu lake kama lilivyo.

Vijana wenyewe hawakukubali kirahisi. Mwezi wa Agosti waliingia kwa Arvid kundi zima, wakamkuta anapanga kuni za sauna, kile chumba chake cha kuogea mvuke. Desrosiers ndiye aliyesema.

"Mzee, hatuingii barafuni mpaka Kocha aseme ukweli. Mimi ndiye niliyesukumwa. Najua mkono wa nani."

"Nani kawatuma mgome kwa jina langu?"

"Lakini wanakucheka mjini, Mzee! Juzi baa wameniuliza kama mlango wetu sasa una mlinzi."

"Wacheke. Mama yako nilimwahidi vitu viwili, Luc, shahada na kombe. Sijaona hata kimoja. Mtarudi mazoezini kesho, na kabla hamjaondoka mtanimalizia kuni hizi."

Walizimaliza kuni. Desrosiers alikuwa akilia na kupanga, kwa jinsi mkewe Arvid, Carol, alivyonisimulia. Kesho yake walikuwa barafuni, wote.

Hafla ya kumuaga ilifanyika ukumbi wa mbele wa uwanja. Kulikuwa na keki, kahawa, na nisu, ule mkate wetu wa iliki, ambao Carol alisuka mwenyewe kwa sababu Idara ilikuwa imeagiza keki ndogo. Bwana Whitcomb alitoa hotuba. Kiangazi hiki, kama mlivyoona, kuta za mbao zinazozunguka barafu zimebadilishwa zote, na yeye akapata wazo la zawadi. Wakaingia mafundi wawili wamebeba kitu kilichofunikwa kitambaa. Kitambaa kikavutwa. Ulikuwa ule mlango. Umepigwa msasa, umepakwa vanishi, komeo lake lilelile, na kibao cha shaba kimeandikwa: Kwa Arvid, aliyetufungulia milango.

Sijui kama ulikuwa ujinga au ukatili. Nimefanya kazi nao muda mrefu, nafikiri ni ujinga, na ujinga wenye bajeti. Desrosiers aliweka kikombe chake chini akatoka nje. Prentiss alitazama viatu vyake. Arvid akaupitisha mkono juu ya ubao, akasema ahsante, kazi nzuri ya vanishi, kisha akauliza nani atamsaidia kuupakia garini.

Wengi wameniuliza ameuweka wapi. Nitawaambia, maana niliuona Jumamosi iliyofuata nilipokwenda kwao kwa sauna. Ameufunga kwenye uzio, kati ya barabara na ua wake, uwe geti. Umetosha kabisa. Kibao cha shaba amekigeuza kinatazama ndani, kwa hiyo mpita njia anaona mbao tu na komeo.

Tulikuwa tumetoka kwenye joto, tumekaa kibarazani, Carol anamimina kahawa, wakati gari la Kyle Prentiss liliposimama barabarani. Alishuka na samaki wa kukaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye karatasi. Akaja hadi getini, akasimama. Alikuwa ameutambua.

"Arvid. Nimekuletea kitu kidogo."

"Karibu."

"Nilitaka tuzungumze. Kuhusu ile… kuhusu Machi."

"Karibu, ingia."

Prentiss alingoja. Nadhani alitegemea Arvid ainuke, kama alivyoinuka kwa kila mtu miaka yote hiyo, aende akamfungulie. Arvid hakuinuka. Alikunywa kahawa yake.

"Unajua linavyofunguliwa, Kyle. Ulishalifungua."

Mkono wa Prentiss ulikwenda kwenye komeo. Ukafika, ukaligusa, nami nilimtaka alivute, nilitaka aingie aseme maneno yake hata kama ni mbele ya wanawake wawili na kikapu cha mkate. Mkono ukarudi. Akaweka samaki juu ya nguzo ya uzio, akasema ana mazoezi, akaondoka. Carol aliuliza kama amchukue yule samaki kabla paka hajamwona. Arvid akasema mwachie paka.

Basi, Kocha Arvid, kwa niaba ya wafanyakazi wa Stannard Bay waliokaa upande wa pili wa barafu na kuona, nakushukuru kwa miaka uliyotupa na kwa huu msimu unaotuachia. Goti lipone, kuni zikauke, redio ishike vizuri Ijumaa za mechi, na wewe na vijana wako mtakapolishika kombe mwakani, nasema mtakapolishika, kwa kuwa ni lenu, uwe na afya ya kulifurahia. Mimi nitakuwa mezani kwangu na saa yangu, natazamana na mlango mpya. Na getini kwako tutakuja sote tunaokupenda, na kila mmoja wetu atajifungulia mwenyewe.

Bernadette Trevarrow
Ofisi ya Idara ya Michezo