Rehana Ndunge, Aliyetoa Kisha Akaomba

Imamu wetu, wazee wa msikiti, shemeji zangu, jamaa mliotoka Kola, walimu wenzangu na majirani wa hapa mjini Machakos, naitwa Titus Muthoka, ndugu pekee wa marehemu aliyebaki. Najua Waislamu huzika bila karatasi kusomwa, na dada yangu alizikwa hivyo jana baada ya swala ya Ijumaa, lakini shemeji zangu wamenikubalia leo, hapa matangani, nisome maisha yake kama tufanyavyo sisi watu wa Kola, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu kuna mahali nitasoma kwa shida.

Marehemu alizaliwa Kola tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa mzee Reuben na mama Wayua, ambao wote wawili wametangulia, akaitwa Ndunge. Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1968 na kupita vizuri, lakini hakuendelea, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa na miaka mitano, na ni yeye aliyenibeba mgongoni, akanipikia uji, akanifundisha kuandika jina langu kwa kijiti mchangani.

Mwaka 1973 alikuja mjini kutafuta kazi, akaajiriwa kukanda mahamri katika hoteli ndogo karibu na msikiti, hoteli ya Yasin, ambaye babu yake alitoka Pwani na kufanya biashara hapa. Mwezi wa Agosti 1976 alisilimu kwa hiari yake, akachukua jina la Rehana, na tarehe 11 Septemba akaolewa na Yasin. Baba alikataa mahari, akakataa hata kulitamka jina lile jipya, na kwetu akawa anaitwa "yule wa mjini." Hata hivyo mwaka 1984, nilipoitwa chuo cha ualimu na baba hana kitu, ni huyo wa mjini aliyenisomesha miaka yote miwili, wala hakuwahi kunikumbusha.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza aliaga akiwa mchanga mwaka 1980, na wa pili ni Nuha, aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1987, ndiye huyo aliyeketi pale mlangoni.

Wengi wenu mlimjua dada kwa Ijumaa zake, kwani kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, alitoa sufuria ya pilau, na waombaji walikula kwanza kabla ya mteja yeyote kupewa sahani. Mwaka 1997 nilikuja kumwomba anisaidie kumaliza nyumba yangu, nikamkuta katika kazi hiyo, nikakaa benchi moja na waombaji kusubiri.

"Dada," nikamwambia, "hao wengine si maskini. Yule mwenye fimbo nilimwona juzi sokoni anatembea sawasawa."

"Labda ananidanganya," akanijibu bila kuacha kupakua, "na Mungu atamuuliza kwa nini alidanganya. Mimi ataniuliza nilikuwa na nini."

"Na sisi wa damu yako?"

"Wewe una haki mbili, Muthoka. Dini yetu inasema ukimpa jamaa yako ni sadaka, na ni kuunga undugu. Ngoja nimalize, hawa walifika kwanza."

Akanipa kile nilichokijia, nami nikapokea, nikaondoka nimenuna, eti kwa sababu nilihudumiwa baada ya waombaji, na uchungu huo wa kijinga nikautunza moyoni kwa miaka.

Tarehe 3 Mei 1998 Yasin alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Mwaka uliofuata dada akapatikana na ugonjwa wa sukari, na mwaka huohuo mvua ikakataa, ikakataa tena mwaka 2000, waombaji wakaongezeka kutoka Masinga na Ekalakala na hata kwetu Kola, mama wenye watoto mgongoni, na Nuha anasema kwamba pilau iligeuka muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na muthokoi ikageuka uji, lakini Ijumaa haikupita bure. Nuha alipomfukuza mzee mmoja kwa ukali, mama yake alimwita akamwambia, "Mwombaji hakaripiwi. Kama huna kitu, mpe neno zuri aende nalo."

Mwezi wa Februari 2001 moto uliteketeza safu nzima ya vibanda, na hoteli ikaisha pamoja na vyombo vyote. Watu wa msikiti walimchangia, akina mama wakamletea mchele na nguo, lakini wajane walikuwa wengi na dawa ya sukari ni ya kila siku, na mwanzoni mwa mwaka 2003 macho yake yakapofuka kabisa.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Mwezi wa Machi mwaka huo dada alimtuma Nuha kwangu Kola na barua, msichana wa miaka kumi na mitano, kidato cha pili, akiwa na sare ya shule. Barua ilisema dawa imekwisha na hana pa kugeukia. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye mshahara, nilikuwa na mbuzi zizini, nikamwambia mtoto wa dada yangu maneno haya: "Mwambie mama yako awaombe wale aliokuwa akiwalisha." Nuha alikunja barua ile, akaondoka bila kunywa maji.

Dada alipoambiwa, kesho yake aliongozwa hadi kwa imamu, ambaye yuko hapa, akamuuliza kama mtu aliyetoa maisha yake yote anaruhusiwa kunyoosha mkono. Imamu alimwambia kwamba kuomba ni haramu kwa mwenye kujitosheleza, lakini aliyeangushwa na dhiki anaruhusiwa mpaka apate haja yake, akamwomba pia asikae mlangoni, angoje zaka ya Ramadhani. Dada akasema, "Nikikosa dawa leo, ya Ramadhani haitanikuta." Nuha akaacha shule ili amshike mkono mama yake, na dada akaenda akakaa mlangoni pa msikiti, pamoja na wale aliokuwa akiwalisha, na kila alipopata ya dawa na unga wa siku hiyo aliinuka akaenda nyumbani, hata kama watu walikuwa bado wanatoa.

Alikaa pale miaka mitatu, nami nilisikia, nikajifanya sijasikia. Ijumaa tarehe 20 Agosti 2004, shule zikiwa zimefungwa, nilikuja mjini na walimu wenzangu wawili kununua dawa ya mifugo, tukapita mbele ya msikiti, nikamwona dada yangu ameketi chini, mkono wake mbele, macho yameelekea mahali pasipo na mtu. Nilikuwa nimevaa tai. Nikatia shilingi mkononi mwake, naye akasema, "Mungu akuzidishie." Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Huyu mama ni wa wapi?" Nikasema, "Simjui." Nikaendelea na safari yangu.

Mwezi uliopita mguu wake ulianza kuoza, akalazwa hospitalini tarehe 24 Julai 2006, na nilipopata habari nikaja mbio, lakini nilimkuta hasemi wala hasikii. Nilikaa kando ya kitanda siku nne nikimwita kwa jina la Ndunge, kisha kwa jina la Rehana, nikimwomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na hakuna hata moja lililomfikia. Alikata roho Alhamisi tarehe 10 Agosti 2006, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Baada ya hapo Nuha aliniambia jambo ambalo mama yake alimkataza kulisema akiwa hai. Siku ile ya Agosti Nuha alikuwa amekwenda kuchota maji, na aliporudi, mimi nikivuka barabara, dada alimwambia, "Huyo aliyepita ni mjomba wako. Nimemsikia, sauti yake ni nzima, hana kifua." Nuha alitaka kunikimbilia anipigie kelele mbele ya watu, mama yake akamshika nguo. "Amenipa," akasema. "Aliyetoa hasimangwi."

Basi niliyaishi maisha yangu nikidhani hakujua, naye alijua, na sasa hakuna mlango nitakaobisha.

Nimemwomba Nuha aje Kola arudi shuleni. Hajanijibu, na sina haki ya kumhimiza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, imamu na jamaa wa msikiti, majirani waliomfulia na kumpikia alipokuwa haoni, na walimu wenzangu, pamoja na nyinyi wawili mliokuwa nami siku ile, ambao nimewadanganya hadi leo.

Na shukrani ya mwisho ni kwa mzee Wathome, asiye na miguu, anayetembea kwa mikono, na wenzake wote wa mlangoni pa msikiti. Jana asubuhi nilikuja na bahasha ya kununua sanda, nikidhani angalau hilo nitamfanyia, na wale waliomwosha wakaniambia nimechelewa, sanda ilikuwa imeshaletwa na waombaji, waliichanga Alhamisi yote, na dada yangu ameingia kaburini amevikwa na wao.

Lala salama, Rehana, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, Mola akupokee kwa mikono miwili.