Meseji ya Duka la Kwetu

Ijumaa, huku ughaibuni, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Al-Baghdadiyah, mbele yangu walikaa Wakenya wawili waliojuana kituoni tu. Derrick, karani wa bandarini, alikuwa akisifia kadi ya sacco yake.

"Dada Nekesa, hama sacco yako. Pointi za hii zinakupa tiketi ya ndege. Zako zinakupa nini?"

"Sukari."

Derrick akacheka. Hata mimi nilicheka.

"Kadi ya pili ya akaunti yangu anayo mama, Bungoma," Nekesa akasema, macho kwenye simu. "Kila asubuhi ananunua maziwa, na meseji inaingia hapa kwangu. Najua ameamka, ametembea. Yako wanaipokea kwenye duka la kijijini?"

"Mafi, hakuna. Supamaketi za mjini tu. Lakini kwa tiketi utamwona mwenyewe!"

"Mwakani. Na leo je? Saa tano hii, meseji haijaingia. Simu yake imezimwa."

Derrick akairudisha kadi yake mfukoni.

Basi likasimama. Derrick akafika mlangoni, akageuka, akatuzibia njia sote.

"Imeingia?"

"Bado."

Dereva akapiga kelele, yalla, yalla. Nilikuwa na haraka zangu, lakini sikumsukuma.