Fundi Onesphory Alishusha Mkono kwenye Elfu Tisa

"Mzee, husikii. Kubali tu kwamba husikii."

"Nasikia unavyonidharau. Hiyo inanitosha."

Wasikilizaji wapendwa, hapo watu walishapandishiana sauti, asubuhi moja mwaka jana, kwenye duka la spika Mchafukoge, pale Kariakoo. Anayesema husikii ni Chintan, bosi kijana, duka kaachiwa na baba yake. Anayejibu ni Onesphory Mlay, fundi spika. Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Kazikwa juzi kwao Rombo, miaka sitini na nane. Thelathini na moja kati ya hiyo kaimalizia kwenye meza moja, kwenye duka hilo.

Ilikuwa hivi. Chintan alikuwa na simu inayopiga mlio. Mlio unapanda, unazidi kuwa mwembamba, mpaka unakuwa kama mbu. Ukiwa unasikia, mkono juu. Usiposikia, unashusha. Akawapima wafanyakazi wote mbele ya wateja. Vijana walifika mlio wa hezi elfu kumi na tano. Onesphory alishusha mkono kwenye elfu tisa. Watu wakacheka. Chintan akamwambia aachie meza, akafungashe mizigo stoo.

Yaani fundi spika akafunge maboksi. Mzee hakubembeleza. Akasema, "Umenipima juu. Sasa tupimane chini."

Si mnajua Kariakoo mali ikishatoka dukani hairudi? Unaijaribu hapo hapo. Sasa kulikuwa na mteja kachagua spika sita kubwa za kanisani. Onesphory akataka upigwe mlio mzito kabisa, ule unaousikia tumboni, upande taratibu, spika moja moja. Chintan akasikiliza, akasema zote poa. Mzee akarudi kwenye ya nne, akaigusa kwa vidole viwili. Akasema hii koili, ule waya wa ndani unaotikisa spika, inakwaruza. Wakaifungua. Inakwaruza kweli. Hakucheka mtu.

Mkewe, mama Euphrasia, kaniambia hivi: "Alirudi mchana, akala ndizi sahani mbili. Akasema, mke wangu, kesho natafuta kibaraza changu."

Na alikipata, Mtaa wa Kongo. Kapiga kazi pale mpaka wiki aliyofariki. Na masikio yake yale yale ya elfu tisa.

Mama Euphrasia, na binti yake dada Nice, poleni sana. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemtoa kwenye kazi yake kwa kumpima kitu kimoja tu, jiulize leo umepima nini na umeacha nini.

Ila jamani, msimkumbuke mzee akiwa kaburini. Mkumbukeni siku ile, spika ya nne iko wazi mezani. Chintan alimvuta nyuma ya maboksi, akamnong'oneza, yaishe mzee, rudi kwenye meza yako.

Onesphory akamjibu kwa sauti ya duka zima: "Kunipima umenipima mbele za watu. Kuniomba radhi unaniombea huku?"

Chintan akawaangalia wateja. Akarudi kaunta.

Mzee akakusanya bisibisi zake, akapita katikati yao, akatoka, akafunga mlango.