Bwana Alinitoa Kwenye Nodi Yangu

Bwana asifiwe, wapendwa. Asifiwe tena, maana wa nyuma sijawasikia. Wengi mnanifahamu, mimi ni Mama Happy wa hapa Kambarage, na kazi yangu ni kuandika programu za simu. Waliosimama kabla yangu wametoa ushuhuda wa kuponywa magonjwa. Mimi Bwana aliniokoa na mashine yangu mwenyewe, ile ile mliyoiona hapa mbele siku nilipoileta iombewe. Nikilia mnivumilie, na mkicheka nitawaelewa.

Ndugu zangu, nieleze kwanza nilichokuwa nafanya. Kuna kitu kinaitwa blokicheni. Ni daftari moja linaloandikwa kwenye mashine nyingi duniani kwa wakati mmoja, na kilichoandikwa humo hakuna mtu anayeweza kukifuta akiwa amejifungia chumbani kwake. Ilikuja moja mpya, bado changa, nami nikaitumia kwa ajili ya akina mama wa mwalo mmoja nje ya Kahama, njia ya kwenda Geita, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Kila siku palikuwa na ugomvi wa viroba vya mawe: hiki changu, hapana, chako ni kile. Nikatengeneza programu. Kila kiroba kikapewa namba, na kikitoka kwa mtu kwenda kwa mwingine wote wawili wanabonyeza simu zao, daftari linaandika.

Sasa, ili programu yako ifike kwenye blokicheni, lazima ipitie kwenye mashine inayolisoma daftari lote. Mashine hiyo inaitwa nodi. Unaweza kuwa na yako nyumbani, au ukaunganishwa na kampuni inayotunza nodi nyingi mahali penye umeme wa uhakika na mafundi wa zamu. Watu wa programu wenzangu waliniambia, Mama Happy, jiunge na hizo za kampuni, wewe andika programu tu. Nikawadharau. Nikasema siwezi kumtegemea mtu nisiyemwona uso. Nikanunua yangu, nikaileta hapa, mchungaji na wazee wakaiwekea mikono. Nikairudisha sebuleni, nikaifunika kitambaa cha kufuma alichonipa mama mkwe, kile cheupe chenye maua, nikabandika na karatasi: Mashine ya Bwana. Kilikuwa kiburi, ndugu zangu, ila mimi nilikiita imani.

Pale mwaloni yupo Mama Zuhura, mjane wa Nyahanga, Mwislamu, mtu mzima anayewapikia wachimbaji. Wachimbaji wa duara moja, yaani shimo lao la dhahabu, walikubaliana kumlipa kwa mawe. Msimu ulipoisha msimamizi wa duara akamkabidhi viroba vinne, Jumatatu mchana, wakabonyeza simu wote wawili. Kisha msimamizi akaondoka kwenda msibani Nkome, huko ziwani, na simu yake ikawa haipatikani. Mvua zilikuwa zimejaza maduara, hivyo hakuna mwingine aliyekabidhiana kiroba siku zile.

Jumatano Mama Zuhura akapeleka viroba vyake kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Simu ya mwenye karasha ikaonyesha viroba bado ni vya duara. Karasha likazimwa. Nikapigiwa simu, nikapanda gari hadi Kahama, nikakuta watu wamemzunguka. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniambia, "Mwanangu, sema wewe. Mimi nilibonyeza kwa kidole changu hiki."

Nikafungua kompyuta, nikaangalia. Viroba ni vya duara. Na hapo, wapendwa, ndipo nilipofanya dhambi ninayoitubu leo. Badala ya kusema ngoja nihakiki, nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Mashine hii imeombewa kanisani. Haiwezi kusema uongo."

Basi, ikawa imekwisha. Wakatoa masufuria yake nje ya banda. Mmoja akasema aitwe mganga amtaje mwizi, mwingine akasema mganga wa nini, kompyuta imeshamtaja. Wakampa hadi Ijumaa amlete msimamizi, la sivyo asikanyage tena pale. Yule mama aliokota vifuniko vya masufuria kimoja kimoja, akanitazama mara moja tu, akaondoka.

Sikuwa na amani. Alhamisi nikafunga, nikapiga magoti mbele ya mashine nikaiombea. Oneni nilivyokuwa nimepotea: naombea mashine, simwombei mama wa watu. Asubuhi hiyo mchungaji akapita kutujulia hali, akawekewa chai. Nikamsihi aiwekee mikono tena. Akanyoosha mkono, akaurudisha haraka.

"Mama Happy, mbona ina homa?"

Akakiondoa kile kitambaa. Joto lililotoka pale lingechemsha uji. Nilikuwa nimeiziba feni siku zote hizo kwa maua ya mama mkwe. Nikakaa, nikaangalia nodi imefika ukurasa gani wa daftari. Ilikuwa bado inasoma Jumatatu asubuhi. Dunia iko Alhamisi, daftari lile jipya linakua kwa kasi, mashine yangu imechoka, inajikokota siku tatu nyuma, na ukiiuliza inajibu kana kwamba imefika.

Nikamwuliza mchungaji, kwani si tuliiombea? Akasema, "Niliomba ikusaidie kazi. Sikuomba ikuzuie kufikiri." Akarudi kwenye chai yake.

Asubuhi ile ile nikajisajili kwenye kampuni mojawapo niliyokuwa naidharau. Wakanipa anwani na ufunguo. Nikabadilisha mstari mmoja kwenye programu, mmoja tu, ndugu zangu. Nikauliza habari za vile viroba vinne. Jibu likaja kabla sijainua kidole: vimekabidhiwa Jumatatu mchana, kutoka kwa msimamizi kwenda kwa Mama Zuhura. Mashine yangu iliupeleka ujumbe kwa wenzake duniani, wenzake wakauandika, yenyewe ikawa bado haijafika kuusoma. Nilipiga kelele za shukrani hadi Baba Happy akatoka bafuni na mapovu kichwani.

Furaha ile ikafuatwa na jaribu. Ningeweza kusema mtandao ulisumbua. Kwa huku kwetu nani angebisha? Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, nikapanda nalo gari. Namshukuru Mungu kwamba nilipomwona yule mama amekaa peke yake kando ya masufuria, wazo hilo lilinichukiza.

Nikasimama pale pale niliposimama Jumatano. Nikasema viroba ni vya Mama Zuhura, ushahidi huu hapa, na mashine yangu ilikuwa nyuma kwa sababu niliiziba pumzi na nikakataa msaada. Nikapiga magoti kumwomba radhi.

Akasema, "Inuka. Pole utanipa baadaye. Nirudishie kwanza jina langu. Wamenitangaza mwizi banda kwa banda."

Basi tukazunguka sisi wawili, banda kwa banda, karasha kwa karasha, mimi nikionyesha simu na kurudia maneno yale yale. Wapo waliocheka, yupo aliyenitukana, na nilistahili. Siku hiyo hiyo msimamizi akapatikana hewani, akathibitisha. Karasha likawashwa, na mawe ya kwanza kusagwa yakawa ya Mama Zuhura.

Ndugu zangu, nina shukrani isiyo na kipimo. Programu yangu sasa inapita kwenye nodi za kampuni mbili, maana nao ni binadamu. Moja ikikwama nyingine inajibu, na kabla sijamnyooshea mtu kidole naziuliza zote. Watu wa programu wa hapa mjini wananijia, nawaunganisha, wanaanza kazi siku hiyo hiyo. Mashine yangu nimeizima. Wewe unayejikokota peke yako, iwe ni kazi, iwe ni ndoa, kubali kushikwa mkono. Mtumaini Bwana, na usishangae akikusaidia kupitia watu usiowajua. Wabeja sana kwa kunisikiliza.

Limebaki moja. Nilipomwuliza Mama Zuhura nimfanyie nini tena, alisema jina lake lilichafuliwa kwa jina la kanisa letu, basi likasafishwe kanisani. Amesafiri leo kutoka Nyahanga. Ni yule mama mwenye mtandio wa kijani, benchi la mwisho. Wapendwa, geukeni mmtazame. Huyu si mwizi. Aliyemsingizia ni mimi.