Klachi ya Mwalimu

Basi lilikuwa limeshaiacha stendi, na kila dereva alipobadili gia, mwalimu wa udereva aliyekaa nyuma yake alikanyaga sakafu kwa mguu wa kushoto.

"Mzee wangu, unaua mende?" akauliza mama muuza vitambaa, jirani yake kitini.

"Nakanyaga klachi, mwanangu. Mazoea yana taabu." Akamweleza kwamba anakwenda kununua gari jipya la shule yake, na kila duka linamwambia magari ya klachi hayaletwi tena.

"Si uchukue otomatiki? Mimi naendesha hilo. Mguu wa kushoto nimeustaafisha."

"Na mimi nifundishe nini? Kukaa?"

"Fundisha breki, baba. Wengi hawazijui."

Mwalimu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Na mwanafunzi wangu akipewa lori la klachi?"

"Malori nayo yatabadilika."

"Yakibadilika, niite!"

Basi likasimama. Mama alishuka na marobota yake, akaenda kufungua duka. Mwalimu alinunua otomatiki, ila gari lake kuukuu la klachi hakuliuza. Analifundishia mwenyewe, kwa raha zake. La otomatiki, mkewe ndiye anayelifundishia, naye ana wanafunzi wengi kumshinda.