Verna Haddrill, Mpishi Asiyekaa Mezani

Marehemu Verna Colleen Haddrill alizaliwa Hillston, New South Wales, tarehe 6 Agosti 1949, mtoto wa tatu wa Wilf na Edna Tranter. Alisoma hapo hapo Hillston na kufaulu vizuri. Alipata nafasi ya kusomea uuguzi Griffith, akashona sare mwenyewe, lakini mama yake akaugua na sare ikabaki kabatini.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Clarence Haddrill, mkandarasi wa kunyoa kondoo, ambaye wote hapa tulimwita Clarrie. Fungate hawakwenda, kwa kuwa msimu wa kunyoa ulikuwa umeanza. Mwaka uliofuata mpishi wa kambi aligombana na wanyoaji, akafungasha virago. Clarrie akamwambia mkewe, "Nishikie wiki moja tu, Verna, nitapata mtu." Hakuwa muongo, Mungu amrehemu. Hakupata mtu tu, na wiki hiyo ikachukua miaka thelathini na moja.

Kazi ya wanyoaji huenda kwa kengele. Ikilia wanaacha mashine, na chakula lazima kiwe mezani, kwani mnyoaji mwenye njaa hana adabu. Kila siku Verna aliamka alfajiri, akakanda unga huku nyama ikiwa jikoni, akamenya viazi huku akiwasomesha watoto wao, Janelle na Trevor, akawaogesha kati ya chai ya alasiri na chakula cha jioni. Wake za wakandarasi wengine walikuja kumuuliza siri yake. Alisifiwa wilaya nzima kwa kujua kupanga muda, na kila aliyemsifu alikuwa na kikombe mkononi, akisubiri kujaziwa. Yeye alikula amesimama, mgongo kwenye sinki.

Janelle ameomba hili nalo lisomwe. Agosti 1996, kambi ikiwa karibu na Ivanhoe, alipiga simu kutoka hospitali ya Broken Hill: uchungu wa mtoto wa kwanza umeanza, na anamtaka mama yake. Clarrie akauliza, "Nani atapika?" Wanaume waliokuwa barazani walisikia yote.

Wanyoaji wana desturi yao. Kondoo wakilowa, hupigwa kura ya siri. Wengi wakisema wamelowa, siku hiyo hakuna kunyoa wala malipo. Asubuhi iliyofuata, jua likiwaka, Des Kilpatrick, msemaji wao, alitangaza matokeo.

"Wamelowa."

"Wamelowa na nini?" Clarrie akafoka. "Mvua mara ya mwisho tumeiona lini hapa?"

"Umande, bosi. Umande mbaya sana huu. Na kura ni kura." Akamgeukia Verna. "Mama, nenda kwa mwanao. Leo tutajipikia."

"Nyie? Nyie hata maji mnayaunguza."

"Basi tutayala yameungua. Hebu nenda, bwana!"

Akavua aproni, akapanda gari. Alifika lango la shamba, akashuka, akalifungua. Mbele yake barabara ilikuwa nyeupe na hakuna aliyemfuata. Alisimama pale, mkono juu ya chuma, kisha akalifunga lango na kurudi. Baadaye alieleza kuwa unga ulikuwa umeshaumuka na mikate ingeharibika. Brodie alizaliwa mchana ule, na Janelle hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Iliuma, na inauma hadi leo.

Clarrie alifariki mwaka 2002, na Verna akahamia kwa Janelle, Griffith. Februari mwaka huu wa 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Jumanne, tarehe 9 Mei, alikuwa kwenye kiti jikoni, Janelle akipiga pasi, simu ikiwa begani na mkate mdomoni.

"Kaa," mama akasema.

"Mama, nimechelewa. Jioni nikirudi tutakaa."

"Hiyo jioni mimi nilikuahidi wewe utoto wako wote. Ilifika? Kaa."

Janelle akawapigia kazini kwamba haendi. Akavuta kiti.

"Haya," Verna akasema. "Nieleze Brodie alivyozaliwa. Anzia mwanzo, usiruke."

Janelle akaeleza, naye akasikiliza hadi mwisho, hakuinuka hata mara moja. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Mei, usingizini.

Ameacha dada yake Coral, watoto wake Janelle na Trevor, Brodie na wajukuu wengine watatu, na wanyoaji wengi waliozeeka ambao hadi leo hawajui kupika.

Apumzike kwa amani. Na Bwana atakapomwamsha, tunamwomba isiwe alfajiri.